Safari za treni za zamani za Uingereza kwenye kanda za watu binafsi: ipi itakufaa?

Ukitafuta video za treni za zamani za Uingereza unaletewa kila kitu kwa mkupuo: injini za mvuke zikipanda kilima bila sauti, vichwa vya dizeli vya bluu vikinguruma stesheni, reli inayokujia usoni saa nzima pasipo mtu kutia neno. Zote zilipigwa na watu wa kawaida kwa fedha zao, na zote huitwa kumbukumbu. Lakini hazimpi mtazamaji kitu kimoja. Anayeanza na isiyo yake huchoka dakika ya tano akadhani mambo haya hayana utamu, kumbe ameingilia mlango usio wake.

Naandika kwa wale walioishi Uingereza enzi za British Railways, baadaye British Rail, shirika la umma lililoendesha reli tangu 1948 hadi lilipogawiwa kampuni binafsi katikati ya miaka ya 1990. Wapo wengi kwetu: waliokwenda kusomea uuguzi, sheria, uhandisi, wakashuka London na sanduku moja kisha wakapanda treni ya kwenda Leeds au Cardiff wasijue hata choo cha behewani kiko upande gani. Naandika pia kwa watoto wao, wanaotaka kumwonyesha mzee kile alichokipanda. Msimamo wangu ni huu: anayetaka kuitazama treni achague filamu za zamani, anayetaka kusafiri achague kanda za kamkoda, yaani kamera ya video ya mkononi yenye kinasa ndani yake. Yaliyobaki ni maelezo, ila maelezo yenyewe ndiyo yenye raha.

Filamu bubu

Kodak ilianza kuuza filamu ya milimita 8 mwaka 1932. Kwa wapenda treni wa Uingereza, hata hivyo, msimu wa mavuno ulikuwa kati ya 1955, ulipotangazwa mpango wa kuachana na mvuke, na Agosti 1968, mvuke ulipokoma kwenye njia kuu. Katikati hapo, Machi 1963, ikatoka ripoti ya Dk. Richard Beeching, mkuu wa reli hizo, iliyopendekeza stesheni 2,363 zifungwe. Watu walijua kwamba vitu vinaondoka na havirudi. Wakabeba kamera, wakaenda kusimama kando ya tuta.

Kabla hujachagua, jua kwamba filamu ilikuwa ghali na fupi. Kaseti ya Super 8, iliyoingia sokoni 1965, ilikuwa na mita 15 tu za filamu, yaani dakika 3 na sekunde 20 hivi kwa mwendo wa fremu 18 kwa sekunde. Kamera nyingi za kabla yake ziliendeshwa na springi ya kukazwa kwa mkono. Springi ikilegea, picha imekatika. Basi mpigaji alisubiri mpaka treni ikaribie kabisa, akabonyeza, ikapita, akaachia. Sekunde 8, sekunde 12. Filamu ya dakika 20 ni vipande vya namna hiyo vilivyoungwa, hiki cha Jumamosi moja ya 1961 na kile cha miaka miwili baadaye, mahali pengine kabisa. Safari haimo. Ukitaka kuondoka mahali ufike mahali, filamu hizi zitakuonjesha tu, kiu haitakatika.

Lakini kilichomo ndani ya sekunde hizo kina uzito wake. Chukua kilima cha Shap, kwenye njia kuu ya magharibi, kaskazini mwa England. Kutoka kijiji cha Tebay reli inapanda kwa mwinuko wa 1 kwa 75, yaani mita moja juu kwa kila mita 75 za mbele, kwa kilomita zaidi ya 6, na treni nzito za mizigo zilikuwa zikiongezewa injini ya pili ya kusukuma kutoka nyuma. Kwenye filamu nzuri ya Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, unaona injini ya mbele inapita kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, moshi umesimama wima juu yake. Mabehewa ya mizigo yanafuata moja moja, unaanza kuyahesabu, unaacha. Ukidhani imekwisha, ile ya nyuma inaingia kwenye picha ikiwa imebandika pua kwenye behewa la mwisho, na mtia makaa amejikunja na koleo, uso hauonekani, mgongo tu. Hakuna sauti hata chembe. Wengine huona ukimya huo ni upungufu. Mimi naupenda, kwa sababu macho yanafanya kazi yote: unauona mvuke ukilazwa na upepo, unaona kondoo malishoni wasiogeuza hata shingo, maana kwao hilo lilikuwa jambo la kila siku.

Kuna hali moja ambayo mjadala hauna nafasi. Kama mzee wako alipanda njia iliyofungwa miaka ya 1960, filamu hizi ndizo pekee. Njia ya Somerset na Dorset, kutoka Bath hadi Bournemouth, ilifungwa Machi 1966, karibu miaka 20 kabla ya mtu wa kawaida kuweza kununua kamkoda. Tunaijua inavyokwenda, inavyopanda vilima na kuingia kwenye mahandaki membamba, kwa sababu watu kama Ivo Peters wa Bath walikuwa wakienda huko na kamera zao mwaka hadi mwaka. Hapo huchagui. Unashukuru.

Tahadhari moja kuhusu sauti. Super 8 yenye sauti ilikuja 1973, miaka 5 baada ya mvuke kuondoka. Kwa hiyo ukiiona filamu ya milimita 8 ya mwaka 1962 inapumua na kupiga filimbi, jua sauti imetolewa kwingine ikabandikwa baadaye. Sauti halisi za enzi hizo zipo, ila zilirekodiwa peke yake kwa tepu. Hodari wa kazi hiyo alikuwa Peter Handford, fundi sauti wa sinema, aliyekuwa akikesha kando ya reli na mashine yake tangu miaka ya 1950 na kuzitoa sauti hizo kwenye santuri. Ni huyohuyo aliyekuja kuwa mmoja wa walioshinda Oscar ya sauti kwa filamu iliyopigwa Kenya katikati ya miaka ya 1980. Sauti ya kubandikwa si dhambi ikiwa mwenye video amesema. Asiposema, mimi hubonyeza kitufe cha kuizima.

Kamkoda

Mwaka 1984 JVC ilitoa GR-C1, kamera na kinasa vikiwa kitu kimoja. Mwaka uliofuata Sony ikaleta Video8, yenye kanda ndogo ya namna yake. Mpigaji akaacha kuhesabu sekunde. Kanda ndogo ya VHS-C ilichukua nusu saa na zaidi, Video8 saa moja na nusu, na sauti iliingia pamoja na picha bila kazi ya ziada. Muda na sauti: hivyo viwili ndivyo vilivyoifanya safari ikae kwenye kanda.

Cha tatu kilikuwa dirisha. Mabehewa ya Mark 1, yaliyoanza kutumika 1951, na ndugu zake waliofuata, yalikuwa na milango ya kufungwa kwa kishindo na kioo cha mlango cha kushusha. Kushuka stesheni kulikuwa na utaratibu wake: shusha kioo, toa mkono nje, zungusha kitasa cha nje, sukuma. Aliyeishi huko anaukumbuka mpaka leo, mkono wenyewe unakumbuka. Kumbe dirisha hilohilo ndilo lililompa mwenye kamkoda nafasi yake. Anasimama ukumbini mwa behewa, kioo kimeshuka, na treni ikiingia kwenye kona unaona mabehewa yote ya mbele yakijikunja, kichwa cha dizeli kinajitokeza kikiwa na moshi kidogo, kisha kona inanyooka na kichwa kinajificha. Kupiga picha namna hiyo kulikuwa hatari, na reli ya leo hairuhusu. Ndiyo maana video mpya haiwezi kukupa kitu hicho.

Ukiniambia nikuchagulie kanda moja tu, nitakupeleka West Highland huko Scotland, njia ya Glasgow hadi Fort William na Mallaig, na nitasema iwe kati ya 1984 na 1988. Miaka hiyo treni za abiria zilikuwa bado zikivutwa na vichwa vya dizeli vya aina ya Class 37. Mapema 1989 zikaja treni za Sprinter, ambazo dizeli yake imefichwa chini ya sakafu na milango yake haina kioo cha kushusha. Class 37 ina injini ya silinda 12 ya English Electric, kampuni ya Uingereza, nguvu za farasi 1,750, na mlio wake ni wa kifua: mzito, wa polepole, unaopanda hatua kwa hatua dereva anapoongeza. Waliokulia kando ya reli yetu kati ya Mombasa, Nairobi na Kampala watashtuka kidogo. Vichwa vya English Electric vya East African Railways, vile vya daraja la 90, baadaye likaitwa la 87, vilikuwa na injini za jamii hiyohiyo. Niliwahi kumwekea mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli, kanda ya West Highland bila kumwambia ni ya wapi. Alikuwa amefumba macho. Alisema, “Hiyo inapanda, na ina mzigo,” na alikuwa sahihi.

Sikiliza jinsi sauti inavyojiendesha kwenye kanda hizi. Kamkoda za wakati ule zilirekebisha kiwango cha sauti zenyewe. Honi ikilia, kamera inashtuka na kushusha kila kitu. Kwa sekunde mbili tatu reli haisikiki kabisa, kisha ule mpigo wa maungio ya reli, ta-tak, ta-tak, unarudi polepole kutoka mbali mpaka unajaa tena. Upepo ukipiga maikrofoni picha inakuwa ya kawaida na sauti inakuwa tufani. Nyuma ya hayo kuna watu: anayeuliza kama hii ndiyo Crianlarich, mtoto anayelilia biskuti, mkaguzi wa tiketi anayepita na kusema samahani. Kamera haikuwalenga. Waliingia tu kwa kuwa walikuwepo. Baada ya Rannoch treni inavuka tambarare ya matope na maji mpaka Corrour, stesheni iliyo mita 408 juu ya usawa wa bahari, na kwa dakika nyingi hakuna kinachotokea ila nguzo za simu na kulungu dume mmoja kwa mbali. Hapo ndipo mtu aliyewahi kupanda treni hiyo huanza kusimulia.

Kwa waliosoma Bristol, Exeter, Plymouth au kusini mwa Wales, kanda yao ni ya InterCity 125, treni iliyoanza kazi Oktoba 1976 ikikimbia kilomita 201 kwa saa. Tafuta iliyopigwa kabla ya miaka ya 2000, injini zikiwa bado za Paxman Valenta. Zilipokuwa zikiondoka Paddington, London, zilitoa mluzi mkali uliojaa chini ya paa lote la stesheni, na injini mpya za kampuni ya MTU ya Ujerumani zilizowekwa baadaye hazina mluzi huo. Kisha uende nayo mpaka Dawlish, pwani ya Devon, ambako tangu 1846 reli imepita ukingoni mwa bahari hasa, upande mmoja mwamba mwekundu na upande wa pili maji. Februari 2014 dhoruba ilibomoa ukuta na kuiacha reli ikining’inia hewani. Baadaye ukuta mpya, mrefu zaidi, ukajengwa. Kanda ya 1988 inaonyesha bahari ilivyokuwa dirishani kabla ya ukuta huo.

Kasoro za kamkoda zinajulikana. Picha ni laini mno, nyekundu inavujia pembeni, jioni inageuka kahawia, na chini ya fremu kuna mistari inayotetemeka. Anayetaka kusoma namba iliyo ubavuni mwa kichwa mara nyingi atashindwa, na filamu ya milimita 16 itamfaa zaidi. Ni bei ndogo kwa kile unachopata.

Nyuma ya dereva

Aina hii ina wapenzi wake wakali. Wengi hudhani kila video iliyopigwa kutoka mbele ilihitaji kibali cha kuingia kwa dereva. Zipo za namna hiyo, lakini nyingine zilipigwa na abiria wa kawaida aliyewahi kiti. Treni ndogo za dizeli zilizojengwa kuanzia miaka ya 1950, Class 101 na wenzake, zilikuwa na vioo kati ya abiria na dereva. Ukikaa kiti cha kwanza unaiona reli yote mbele, bega la dereva kushoto, saa yake mkononi. Dereva asiyetaka kutazamwa alishusha pazia, na safari yako ya mbele ikaishia hapo.

Ikilinganishwa na kamkoda ya dirishani, hii inafundisha zaidi na inagusa kidogo. Unaona ishara za mikono ya chuma zikiinuka au kushuka, vibanda vya waendesha ishara, njia inavyogawanyika na kuungana, stesheni inavyotokea kwanza kama doa. Ni bora mara kumi kwa mzee aliyefanya kazi ya reli, kwa mtu wa ramani, au kwa anayetaka kujua njia ilivyokuwa kabla ya taa za rangi na kompyuta. Kwa abiria wa kawaida, sina hakika. Yeye hakuikumbuka safari kwa mtazamo huo. Alikumbuka mashamba yakipita pembeni na uso wake kwenye kioo usiku. Nimeona watu wakisinzia mbele ya video hizi, na siwalaumu, ingawa wengine huziwasha usiku kwa sababu hiyohiyo.

Video mpya za reli za kumbukumbu

Nitapita haraka. Reli kama Bluebell, iliyofunguliwa na wapenda treni mwaka 1960, na Keighley na Worth Valley, 1968, bado zinaendesha injini za mvuke, na watu huzipiga kwa kamera kali za leo. Picha ni safi, sauti ni ya kweli, kila riveti inaonekana. Kwa mtoto anayeanza kupenda treni, anza hapo. Lakini mwendo kwa kawaida hauzidi kilomita 40 kwa saa, na abiria wote wamekuja kuiona treni. Kwenye kanda za 1986 abiria walikuwa wanakwenda kazini, mazishini, kwa mchumba. Ni tofauti unayoiona usoni mwao.

Jinsi ya kukagua kabla hujatenga jioni yako

Tazama magurudumu kwanza. Kanda zote za zamani zina umbo la 4 kwa 3, na wapo wanaozivuta zijaze kioo kipana cha leo. Gurudumu likiwa bapa badala ya duara, funga, tafuta nakala nyingine. Kisha tazama watu jukwaani. Filamu ya fremu 16 kwa sekunde ikichezeshwa kwa 25, kila mtu anatembea mara moja na nusu ya mwendo wake, na treni ya mizigo inakuwa ya haraka.

Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kichwa cha video. Rangi za treni husema ukweli zaidi. Bluu na kijivu ilitawala tangu 1965 hadi miaka ya 1980; nembo ya ndege mbayuwayu ya InterCity ilikuja 1987; nguzo nyekundu za taa kwenye stesheni za London na kusini-mashariki ni za Network SouthEast, tawi la British Rail lililozinduliwa Juni 1986. Video iliyoandikwa 1979 yenye nguzo hizo nyekundu imekosewa tarehe. Hata tarehe ya kona ya picha si ushahidi kamili, maana wengi hawakuwahi kuiweka saa ya kamera sawa.

Sauti nayo ina kipimo chake. Kwenye njia za zamani vipande vya reli vilikuwa na urefu wa futi 60, mita 18.3. Hesabu maungio kwa sekunde 66, kila ta-tak ukiihesabu moja, na idadi utakayopata ndiyo kilomita kwa saa. Ukipata 40 huku mashamba yanapita kwa kasi ya 100, sauti si ya safari hiyo. Ila njia kuu nyingi zilikuwa zimeshalehemiwa kufikia miaka ya 1980, hivyo usishangae InterCity 125 ikiwa kimya chini.

Kama kanda yenyewe iko nyumbani

Baadhi ya familia zina kanda hizi kabatini, zilizorudi na mtu baada ya masomo. Usisubiri. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha Julai 2016, na mashine zilizobaki zinazeeka pamoja na kanda. Filamu ya Kodachrome iliyokaa gizani na mahali pakavu itavumilia. Kanda ya sumaku kwenye joto na unyevu wa pwani haitavumilia. Tafuta fundi wa kuihamishia kwenye kompyuta na umpe masharti yako. Mwambie aitoe kwa fremu 50 kwa sekunde, si 25, la sivyo treni inayopita karibu itajaa mistari kama meno ya chanuo. Mwambie abakize umbo la 4 kwa 3. Mwambie asiweke muziki, na asikate zile dakika anazoziona hazina kitu, treni imesimama kwenye ishara, mvua kiooni, na mtu nyuma ya kamera anauliza tumefika wapi.